Kutunza Ubora wa Maji na Uchujaji katika Tangi la Kwanza la Samaki wa Bahari

Samaki watatu wa kwanza niliowatia katika tangi langu la maji chumvi walikufa siku ya tisa, mmoja baada ya mwingine, kati ya alfajiri na adhuhuri, ilhali maji yalikuwa mang'avu kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililobandikwa upande wa pili wa kioo. Nilikuwa nimeosha mchanga mpaka ukaacha kutoa vumbi, nimenunua chujio zuri, nimechota maji ya bahari mwenyewe, nikaamini kwamba maji yakionekana safi basi ni safi. Kilichowaua ni amonia, ambayo haina rangi, na kwa kiwango kile hata harufu haina. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi: ana tangi la lita 100 hadi 200, anaishi pwani au karibu nayo, anataka kufuga samaki wachache pamoja na mawe, bila matumbawe hai kwa sasa, na anataka wabaki hai.

Katika hesabu zote nitachukulia tangi lenye lita 150 za maji. Wengi huanza na tangi dogo zaidi wakidhani ndilo rahisi, kumbe ndilo gumu, kwa sababu maji machache hubadilika haraka: joto hupanda upesi, chumvi hukolea upesi, na chakula kilichozidi kidogo tu huonekana kwenye vipimo kabla ya jioni.

Kinachotendeka ndani ya maji

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa ikipitia katika matamvua yake, na chakula kilichosahauliwa nyuma ya jiwe hutoa amonia vilevile kinapooza. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji mengi, lakini ndani ya tangi hubaki palepale ilipotolewa. Jambo linalowashangaza watu waliozoea kufuga samaki wa maji baridi ni kwamba amonia ileile huwa kali zaidi katika maji ya bahari. Sababu ni pH. Amonia iliyomo majini huwa katika hali mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na kila pH inapopanda kwa kizio kimoja, sehemu ile yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Maji ya mto au ya bomba mara nyingi huwa na pH ya kuzunguka 7, wakati maji ya tangi la bahari yanatakiwa kuwa kati ya 8.1 na 8.4. Kwa hiyo kipimo ambacho sato angekivumilia kinaweza kumuua samaki wa mwambani.

Wanaotuokoa ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti katika maji chumvi si hatari kama ilivyo katika maji baridi, kwa kuwa kloridi iliyo tele baharini huizuia isiingie kwa wingi kupitia matamvua, lakini uwepo wake ni taarifa kwamba kazi haijakamilika na kwamba tangi bado ni changa. Nitrati ndiyo mwisho wa safari hiyo katika tangi la kawaida. Hupunguzwa na mwani, na bakteria wa aina nyingine wanaoishi ndani kabisa ya mawe pasipofika hewa, na zaidi ya yote na mkono wa mfugaji anayebadilisha maji.

Vipimo vinavyofaa kwa tangi la samaki na mawe ni hivi: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita (ingawa samaki wengi huvumilia hadi 40), joto kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo katika kipimo cha uzito linganifu (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi) ni kama 1.026. Uwezo wa maji kuizuia pH isianguke, unaopimwa kwa dKH, uwe kati ya 8 na 11.

Jiwe ndilo chujio

Bakteria hawa hawaelei ovyo majini, bali hujishikiza kwenye nyuso za vitu. Kwa sababu hiyo kitu chenye vitundu vingi kina thamani kuliko mashine yenye taa nyingi. Mwaka 1961 mfugaji mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza jinsi alivyofuga samaki na viumbe wa mwambani kwa mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo ndani yake) na mapovu ya hewa tu, bila chujio la aina nyingine. Vifaa vimeongezeka tangu wakati huo, lakini msingi ni uleule: mawe yenye vitundu, na maji yanayozunguka kati yake bila kusimama. Kwa lita 150 tumia kilo 12 hadi 15 za mawe mepesi yenye vitundu, uyapange wazi wazi ili maji yapite chini, nyuma na katikati, na pampu zako zote kwa pamoja ziweze kuyazungusha maji ya tangi zima mara 10 hadi 20 kwa saa. Mawe yaliyorundikwa kama ukuta hukusanya taka nyuma yake mahali ambapo mkono haufiki.

Tafadhali usiende mwambani kuvunja mawe au matumbawe. Matumbawe magumu yote yako katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, katika hifadhi za bahari ni marufuku kuyagusa, na mwamba unaovunjwa leo ndio uliokuwa utupatie samaki kesho. Sisi wa pwani tuna mbadala ambao watu wa mbali hununua kwa bei kubwa: jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, lilelile lililojenga nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Chagua vipande vyepesi kuliko vinavyoonekana, vilivyojaa vitundu, visivyo na saruji, rangi wala kutu. Visugue kwa brashi, vioshe mpaka udongo wote utoke, kisha viloweke katika pipa la maji ya chumvi lenye pampu kwa wiki nne au zaidi, ukibadilisha maji kila wiki. Ikiwa unaweza kupima fosfeti, ambayo ni chakula cha mwani, ipime katika maji hayo, kwani jiwe lililokaa udongoni huja na fosfeti yake na mwani utakaoota baadaye utakuonyesha. Jambo moja la usalama nalisema kwa mkazo: usichemshe kamwe jiwe lililotoka baharini au katika tangi la mtu mwingine ukidhani unaliua wadudu. Baadhi ya viumbe laini wanaoota juu ya mawe hayo wana sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini.

Maji ya kujazia tangi

Aliye karibu na bahari hujiuliza kwa nini anunue chumvi wakati maji yako mlangoni. Inawezekana kabisa kutumia maji ya bahari, nami nimeyatumia kwa miaka, lakini si maji ya mahali popote wala ya siku yoyote. Epuka bandari, mitaro, fukwe zilizo karibu na hoteli nyingi, na midomo ya mito. Mdomo wa Msimbazi pale Dar es Salaam si mahali pa kuchota maji ya kiumbe yeyote, na wakazi wa Malindi wanajua jinsi bahari yao inavyogeuka rangi ya udongo Sabaki ikifurika. Wakati wa masika maji ya mvua huipunguza chumvi ya ufukweni na huleta kila kilichokuwa barabarani na mashambani, kwa hiyo subiri wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Wakati mzuri ni kaskazi bahari ikiwa shwari, na saa nzuri ni ile ya mwisho ya maji kujaa, kwa sababu maji yanayoingia hutoka bahari kuu, ilhali maji yanayokupwa hurudi yakiwa yamepita juu ya matope, majani na taka za pwani. Ukiweza kupata mtu mwenye ngalawa akuvushe nje ya mwamba, bora zaidi. Pima chumvi papo hapo kabla ya kujaza dumu la pili: ikisoma chini ya 33, mto uko karibu kuliko unavyofikiri.

Maji hayo yamejaa viumbe wadogo wasioonekana, ambao hufa wakifungiwa. Ama uyatumie ndani ya saa chache katika tangi lililokomaa, ama uyachuje kwa kitambaa kizito na kuyahifadhi gizani katika pipa la plastiki ya chakula lenye pampu ya hewa kwa wiki mbili hadi tatu, kisha uyavute ya juu na kuyaacha machicha chini. Kwa anayeanza nashauri njia hii ya pili.

Aliye Nairobi, Dodoma au Kampala atachanganya chumvi, na hapa kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi. Chumvi ya mezani haifai, na chumvi ya mawe ya mashamba ya chumvi haifai pia, ingawa imetoka baharini. Maji yanapokauka shambani, chokaa na jasi hutangulia kutuama chini, kisha ndipo chumvi ya kawaida hujitenga na kuvunwa, na yale maji machungu yanayobaki, ambayo ndiyo yenye magnesiamu nyingi, humwagwa. Kinachofika sokoni ni karibu kloridi ya sodiamu tupu, na ukikiyeyusha hupati bahari. Nunua mchanganyiko uliotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari, ambao hutumia takriban gramu 36 hadi 38 kwa lita moja, utie chumvi ndani ya maji na si maji juu ya chumvi, uache pampu izungushe kwa saa 24, ndipo upime.

Maji ya kuyeyushia chumvi hiyo yawe tupu kadiri inavyowezekana. Mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na uchafu, wenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini ni ununuzi ambao hutaujutia. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huondoka kwa kupigwa hewa usiku kucha, lakini yakiwa yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hayatatulia hivyo na yatahitaji dawa ya kuiondoa. Maji ya visima vya pwani mara nyingi ni magumu na yana nitrati tayari. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati hubeba zinki, nayo huua konokono na kamba. Maji ya chupa yasome kwanza lebo yake, maana mengi huongezewa madini. Na ukitaka kununua maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, kwenye kituo cha mafuta, hakikisha unachopewa si asidi, kwani watu wetu huviita vyote viwili "maji ya betri".

Wiki sita za kungoja

Tangi likishajaa, mawe yakapangwa na pampu zikawashwa, halina bakteria wa kutosha. Sasa unatakiwa kuwalisha bakteria kabla ya samaki. Njia ya kawaida ni kumtia kamba mmoja mbichi, amefungwa katika kipande cha neti ili usimtafute baadaye, au kutumia kloridi ya amoniamu mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Ukiweza kupata kipande cha jiwe au gao la mchanga kutoka tangi la rafiki lililokaa mwaka mzima bila magonjwa, litie pia, kwani hilo huleta mbegu ya bakteria.

Kupima ndiko kutakuwa kazi yako ya kila baada ya siku mbili. Chukua maji kwa sirinji kutoka katikati ya tangi, ujaze mrija mpaka mstari, utie matone yaliyoandikwa huku ukiishika chupa wima, maana chupa iliyoinamishwa hutoa matone yasiyolingana, utikise, na usubiri dakika zote zilizoandikwa. Kisha uupeleke mrija dirishani mchana na kuulinganisha na kadi ya rangi juu ya karatasi nyeupe. Chini ya taa ya njano ya sebuleni, manjano ya amonia sifuri na kijani chepesi cha nusu miligramu hufanana mno. Mimi nilisoma vibaya kwa namna hiyo, siku ya nane ya tangi langu la kwanza, saa mbili usiku.

Mwendo wa kawaida ni huu: amonia hupanda katika wiki ya kwanza, huanza kushuka wiki ya pili au ya tatu nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo huanguka, mara nyingi ghafla, kati ya wiki ya nne na ya sita. Katika kipindi hicho kipimo cha nitrati hakiaminiki, kwa sababu nitriti hukifanya kisome juu. Utaona pia utando wa kahawia kwenye mchanga na kioo, ambao ni mwani mdogo unaokula silika. Huja na huondoka wenyewe, na haufai kupigiwa dawa. Tangi liko tayari pale unapotia miligramu 2 za amonia kwa lita na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma sifuri. Badilisha nusu ya maji kuondoa nitrati iliyokusanyika, ndipo umtie samaki mmoja au wawili wadogo wavumilivu, kwa mfano jozi ya samaki wa anemoni wa jenasi Amphiprion. Subiri wiki tatu kabla ya mwingine, kwani idadi ya bakteria hulingana na chakula walichokuwa wakipata na huhitaji muda kuongezeka.

Machujio ya kusaidia

Kuna sponji, pamba na mifuko ya kuchujia, ambayo kazi yake ni kukamata chembe. Watu husahau kwamba chembe iliyokamatwa bado imo ndani ya maji, na inaoza pale pale kwenye sponji. Kwa hiyo pamba ibadilishwe au ioshwe kila baada ya siku mbili au tatu, na chujio la mkebe lililofungwa, ambalo wengi hulifungua mara moja kwa miezi mitatu kwa kuwa linaonekana kufanya kazi, lifunguliwe kila wiki mbili. Vipande vya kauri au sponji unayoitegemea kwa ajili ya bakteria visuuzwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba lenye klorini, na visioshwe vyote siku moja.

Kifaa ninachokithamini kuliko machujio mengine ni kile nitakachokiita kiengua povu. Kila aliyetembea ufukweni wakati wa kusi ameona povu la rangi ya maziwa yaliyochafuka likisukumwa na upepo mchangani. Povu hilo ni mabaki ya viumbe yaliyoshikamana na mapovu ya hewa, kwa sababu molekuli nyingi za protini na mafuta zina upande unaokimbia maji na hujibanza kwenye uso wa povu. Kiengua povu hufanya jambo hilohilo ndani ya bomba: pampu hukata hewa kuwa mapovu madogo sana, mapovu hupanda yakiwa yamebeba uchafu, na juu hukusanyika kama povu zito linalomwagikia katika kikombe. Hufanya kazi vizuri katika maji chumvi kwa sababu humo mapovu madogo hayaungani upesi kuwa makubwa, tofauti na katika maji baridi. Uzuri wake ni kwamba uchafu hutolewa majini kabla haujaoza, na pamoja na hilo maji hupata hewa. Kikiwa kipya hakitafanya lolote la maana kwa siku kadhaa, mpaka kuta zake zipate utando, basi usikizungushe-zungushe kila saa. Kikishatulia, rekebisha kimo cha maji mpaka kikombe kikusanye kioevu chenye rangi ya chai ya rangi iliyoiva. Kikiwa cheupe kama maji ya mchele, unamwaga maji ya bahari bure. Kikikusanya lami nyeusi isiyofika hata kikombeni, kimo ni kifupi mno. Pangusa shingo yake kila baada ya siku mbili au tatu, kwani mafuta yanayoganda hapo hulizuia povu kupanda.

Mkaa amilifu, kiasi cha vijiko vichache ndani ya mfuko wa neti, huondoa umanjano wa maji na baadhi ya sumu, na hubadilishwa kila mwezi. Hauondoi amonia wala nitrati, na mkaa wa jikoni si badala yake. Jambo jingine la kukumbuka ni shaba. Dawa nyingi za ugonjwa wa vidoa vyeupe zina shaba, ambayo huua konokono na kamba kwa kipimo kidogo na hujificha ndani ya mawe. Mgonjwa atibiwe katika tangi la pembeni lisilo na mawe, na viungio vya shaba nyeupe visitumike popote maji yanapopita.

Chumvi haipandi hewani

Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki. Tangi la lita 150 lenye feni juu yake linaweza kupoteza lita 2 kwa siku. Baada ya wiki moja lita 14 zimeondoka, na chumvi iliyokuwa 35 imefika karibu 38.6. Samaki wako hajaguswa na mtu, lakini anaishi katika bahari nyingine. Bandika utepe mdogo kwenye kioo kuonyesha kimo sahihi, na kila asubuhi ongeza maji matupu yasiyo na chumvi mpaka hapo. Anayejazia kwa maji ya bahari huzidisha chumvi kila siku bila kujua.

Kipimo cha kioo kinachotazamwa kwenye mwanga, yaani rifraktomita, ni bora kuliko kile cha plastiki chenye mshale, ambao huzuiwa na povu dogo tu. Lakini nacho hupotoka. Kukisawazisha kwa maji matupu pekee hakutoshi, kwa kuwa kinaweza kusoma sifuri vizuri na bado kikakosea kwenye 35. Yeyusha gramu 36.5 za chumvi ya kawaida katika gramu 963.5 za maji matupu kwa mizani nzuri ya jikoni. Myeyusho huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari yenye chumvi 35, kwa hiyo zungusha skrubu mpaka kisome hapo. Hiyo ndiyo kazi moja ambayo chumvi ya mezani inaifanya vizuri katika ufugaji huu.

Hesabu ya kubadilisha maji

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kubadilisha asilimia 10 kwa wiki. Ni ushauri mzuri wa kuanzia, lakini fuatilia hesabu yake. Tuseme chakula unachotia kinazalisha nitrati miligramu 5 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha sehemu ya kumi ya maji, unaondoa sehemu ya kumi tu ya nitrati iliyopo. Ikiwa 10, umeondoa 1 na wiki ijayo zinaongezeka 5. Itaendelea kupanda mpaka ifike 50, ambapo sehemu ya kumi inakuwa 5 na kipimo kinasimama. Ukibadilisha asilimia 20 kila wiki, itasimama kwenye 25. Na ukipunguza chakula mpaka nitrati inayozalishwa iwe 2 kwa wiki, asilimia 20 hiyohiyo itaisimamisha kwenye 10. Ndiyo maana, nikiulizwa na mtu aliyehangaika na nitrati chujio gani anunue, kwanza huuliza samaki wake wanapewa nini. Walishe mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili, na chakula kilichogandishwa kiyeyushe na kukichuja ili ule mchuzi wake usiingie majini.

Kwa tangi letu asilimia 20 ni lita 30, yaani ndoo moja na nusu. Andaa maji mapya siku moja kabla, yawe na joto na chumvi sawa na ya tangi. Zima pampu na kiengua povu, vuta maji machafu kwa mpira ukipitisha ncha yake juu ya mchanga na nyuma ya mawe, kisha rudisha maji mapya taratibu. Kiwango cha dKH kikiwa chini ya 8 hata baada ya kubadilisha maji, gramu 5 za bikaboneti ya sodiamu safi, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, zilizoyeyushwa katika glasi ya maji matupu, zitakipandisha kwa takriban 1 katika lita 150. Usitumie magadi ya mboga, ambayo huja na floridi, wala unga wa kuumulia keki wenye vitu vingine ndani.

Joto na umeme kukatika

Pwani yetu adui ni joto. Katika nyuzi 25 maji ya bahari hushika oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita, na katika nyuzi 30 hushika kama 6.2, huku samaki na bakteria wote wakiihitaji zaidi. Ondoa kifuniko kizito, elekeza feni juu ya maji, weka taa mbali, na usiliweke tangi karibu na dirisha la magharibi. Feni hupunguza nyuzi mbili au tatu, kidogo zaidi hewa ikiwa kavu, pungufu siku za unyevu mwingi. Samaki wa huku huzoea nyuzi 28, lakini hawazoei kupanda na kushuka nyuzi nne kila siku, na kwa hiyo joto la 27 lisilobadilika ni bora kuliko 25 ya asubuhi na 29 ya jioni.

Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza ni oksijeni. Kuwa na pampu ya hewa ya betri iliyojaribiwa mwezi huu, na si ile iliyokaa kabatini tangu inunuliwe. Bila pampu, chota maji kwa jagi safi na uyamimine kutoka juu kila baada ya dakika chache, hasa usiku. Usilishe. Chujio la mkebe likizimika kwa saa nyingi, bakteria waliomo humaliza oksijeni na maji yaliyofungiwa humo hugeuka kuwa sumu. Kwa hiyo umeme ukirudi usiliwashe mara moja. Lifungue kwanza, ulinuse, umwage maji yake hata kama hayanuki kama mayai viza, usuuze vilivyomo katika maji ya tangi, ndipo uliunganishe. Pima amonia saa chache baadaye. Ikionekana yoyote, badilisha theluthi ya maji, ongeza hewa, na usirudishe chakula mpaka isome sifuri siku mbili mfululizo.